Kusoma Nyumba za Kando ya Ziwa: Somo la Miguu Kutoka Bagira



Tukiulizwa darasani ni nani waliojenga piramidi za Misri, mikono mingi inapanda. Tukiulizwa ni nani waliojenga nyumba zile za mviringo kule La Botte na Muhumba, tunaangaliana. Juu ya hiyo sisi wa mwaka wa mwisho, pamoja na mwalimu wa historia, tulitengeneza somo hili la kutembea. Tunaliandika hapa kusudi wadogo zetu waweze kulifuata bila sisi, maana mwaka ujao hatutakuwa hapa, kama Exétat itatuhurumia.

Somo hili haliombi pesa. Linaomba viatu, daftari, kalamu na macho. Kutoka Bagira tunashuka kwa upande wa Brasserie mpaka tunafika mjini. Kwa miguu ni zaidi ya saa moja, na anayezubaa-zubaa kuangalia wauzaji wa sambaza atafanya mbili.

Kwanza tusimame mahali pa juu tuangalie ramani iliyo chini yetu. Bukavu imekaa juu ya rasi tano zinazoingia ndani ya ziwa Kivu. Wengi wamezifananisha na vidole vya mkono wa kijani uliotumbukizwa majini. Kidole kimoja kina umbo la kiatu, ndiyo maana kinaitwa La Botte. Ziwa lenyewe liko karibu metre 1.460 juu ya bahari, kwa hiyo joto halituchomi kama watu wa Uvira. Hewa hiyo nzuri ndiyo iliyowavuta Wabelgiji. Lakini mahali hapa hapakuwa patupu wakati walipofika. Inasemwa kwamba jina Bukavu limetoka katika Mashi, bu nkafu, yaani mahali pa ng'ombe. Pale penye bustani na kuta za mawe leo, Washi walilisha ng'ombe wao.

Wabelgiji waliweka kituo mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mwaka 1927 walikipa jina Costermansville, kwa ukumbusho wa Paul Costermans, aliyekuwa makamu wa gavana mkuu wakati wa Mfalme Leopold II. Mwaka 1928 ikaanzishwa Comité National du Kivu, shirika lililopewa eneo kubwa sana la udongo kusudi liwagawie walowezi wa kizungu mashamba ya kahawa, chai na kinini. Mwaka 1933 mji ukawa kichwa cha provinsi. Halafu vita: Mei 1940 Wajerumani waliingia Ubelgiji, na Wazungu wa Kivu hawakuweza tena kurudi kwao kupumzika. Pesa yao ilibaki hapa, na wao walibaki hapa. Nyumba nyingi tunazoziangalia katika somo hili zilijengwa kati ya miaka ya 1930 na 1950. Jina Bukavu lilirudi katika miaka ya 1950, kabla ya uhuru.

Sasa, namna gani mtu anasoma nyumba? Nyumba ina alfabeti yake kama kitabu.

Mtindo wa nyumba hizi unaitwa Art Déco. Jina hilo linatoka katika maonyesho makubwa ya sanaa yaliyofanywa Paris mwaka 1925. Watu wa wakati ule walipenda sana mashini: meli, ndege, treni, gari. Wakataka hata nyumba ifanane na kitu kinachokwenda mbio. Angalieni vizuri nyumba moja ya La Botte kutoka barabarani, mtaona meli. Kona yake si kali, imezungushwa kama mbele ya meli. Ukutani kuna mistari mirefu inayolala, miwili au mitatu, kama ile ya ubavu wa meli. Kando ya mlango kuna dirisha dogo la duara, sawa na lile ambalo baharia anachungulia. Juu, ukuta unapita paa na kulificha, kwa hiyo hauoni manjanja hata kidogo. Ngazi zimefichwa ndani ya mnara mdogo wa mviringo wenye kioo kirefu kinachosimama. Meli imesimama juu ya kilima, na maji yako chini yake!

Msifikiri kwamba ni urembo tu. Juu ya kila dirisha mtaona ubao wa betoni unaotoka nje, kama kofia ya askari. Sisi tuko karibu digrii mbili na nusu kusini ya ikweta. Jua letu wakati wa saa sita linakuwa karibu kabisa juu ya kichwa, kwa hiyo ubao mfupi namna ile unatosha kutia kivuli dirisha zima, tena unazuia mvua. Kule Ulaya jua linakuja kwa pembeni, ubao kama huo haungefanya kazi hivyo. Mwanafunzi wa jeografia ajaribu kupima kivuli hicho saa sita kamili mwezi wa Machi au wa Septemba, ataelewa kuliko kwa kusoma kitabu. Tena mtaona bomba la moshi juu ya nyumba nyingi. Usiku wa Bukavu ni baridi, wakaweka mahali pa moto katika salon.

Kuna jambo ambalo tunaona halikuwa la akili sana, nalo ni lile paa lililofichwa. Mvua yetu inaanza Septemba mpaka Mei. Paa lililolala, au manjanja yenye mteremko mdogo nyuma ya ukuta, linataka mifereji safi kila wiki. Majani yakiziba, maji yanalala juu, halafu yanatafuta njia yake ndani ya ukuta. Nyumba nyingi zenye madoa meusi hazikuharibiwa na bomu. Ziliharibiwa na majani ya avoka ambayo hakuna mtu aliyeyaondoa.

Na varanda ile yenye nguzo? Wabelgiji waliiita barza. Walifikiri ni neno lao, na limo katika Kifaransa cha Kongo mpaka leo. Ni baraza yetu, wameipunguza tu. Hata neno lilifanya kazi kwao bila mshahara.

Kuhusu majengo ya watu wote tutapita upesi, kwa sababu yanajulikana. Kwenye Avenue Lumumba, iliyoitwa zamani Avenue Royale, simameni mbele ya Hôtel Résidence muangalie uso wake mrefu. Nendeni pia Collège Alfajiri. Majezuiti waliianzisha mwaka 1938 kwa jina la Notre-Dame de la Victoire, na mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Kanisa kuu la Wakatoliki, Notre-Dame de la Paix, lina kuba inayoonekana mbali. Sisi ni Waprotestanti, lakini jengo haliulizi cheti cha ubatizo. Ingieni kwa heshima, muinue macho.

Sasa tufike penye kiini cha somo, na kiini hicho kiko nyuma ya nyumba.

Ukiruhusiwa kuingia katika parsele ya zamani, usiishie kwenye barza. Zunguka. Nyuma kabisa, karibu na jiko la kuni na mahali pa kufulia, utakuta kijumba kidogo chenye vyumba viwili au vitatu, milango imefuatana, madirisha madogo, wala mistari ya meli haipo. Kile kinaitwa boyerie. Ndani yake alilala mpishi, aliyefua nguo, au zamu. Mbele kuna salon yenye mahali pa moto, na nyuma, hatua ishirini tu, mtu mzima aliyeitwa "boy" hata akiwa na wajukuu. Wengine wote walipaswa kulala Kadutu na baadaye Bagira. Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji, Mwafrika hakuruhusiwa kutembea usiku katika kartye ya Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Kwa hiyo mtu aliyejenga kona ile ya mviringo mchana, usiku angeweza kukamatwa kwa kusimama mbele yake.

Na ni nani aliyeijenga? Juu ya jambo hili tulimtafuta mzee mmoja wa Kadutu ambaye baba yake alikuwa fundi wa kujenga. Tunaandika maneno yake namna alivyoyasema: "Bana bangu, munaangalia ile mviringo mukifikiri ni mashini. Apana! Balikata mbao ndogo-ndogo, banazisimamisha moya-moya kama vidole, ndani banaweka vyuma, njo banamwanga betoni. Muzungu alileta karatasi. Mikono ilikuwa ya kwetu."

Tena alitufundisha siri ya ukuta wa matofali unaopinda. Tofali halipindi, kila mtu anajua. Fundi analigeuza kila moja kidogo sana kuliko lile lililotangulia, kwa hiyo nafasi ya simenti inakuwa pana kwa nje na nyembamba kwa ndani, halafu plasta inafunika yote. Akikosea kwa tofali moja, ukuta mzima unapotoka, na jua la jioni litaonyesha kosa hilo kila siku. Tulirudi tukaangalia kona tano wakati wa saa kumi na moja jioni, jua likilala kando ya ukuta. Hatukuona kosa.

Katika matembezi yetu yalizuka mabishano makali, na tunayaleta hapa kwa sababu hayajaisha. Mwenzetu mmoja alisema: "Kwa nini tuhangaike na nyumba za watu waliotudharau? Zibomolewe, tujenge etaji za kisasa." Wengine walipiga makofi. Mwingine akajibu kwamba ni nzuri, zinaleta wageni, na uzuri unatosha. Sisi hatukubali hata moja ya majibu hayo mawili. Anayesema zibomolewe anasahau kwamba, nyumba ikianguka, boyerie inaanguka pamoja nayo, na mtoto atakayezaliwa kesho hataweza kuhesabu zile hatua ishirini kwa miguu yake mwenyewe. Nani atamsadiki mwalimu tu? Na anayesifu uzuri peke yake anawapa Wabelgiji kazi ya mafundi wa Kadutu. Tulipendekeza kwamba nyumba ihifadhiwe nzima, mbele na nyuma. Kura zilikuwa kumi na tisa kwa kumi na nne. Mwalimu wa historia alikataa kupiga kura.

Mabishano haya si ya Bukavu peke yake. Katika Asmara, mji mkuu wa Eritrea, Waitalia walijenga katika miaka ya 1930 nyumba nyingi za namna hii. Ipo hata stasyo ya mafuta, Fiat Tagliero ya mwaka 1938, iliyofanywa kama ndege yenye mabawa mawili ya betoni. Waeritrea walivitawala vitu hivyo baadaye, wakavitunza, na mwaka 2017 UNESCO iliuandika mji wao katika urithi wa dunia. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Kule nyumba za mawe za matajiri zina milango ya kuchongwa, na historia ya utumwa imo ndani ya kuta zilezile. Watu wa Zanzibar hawakubomoa Mji Mkongwe ili waisahau biashara ya watumwa. Na sisi Kongo? Tuna mali tano katika orodha ile: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega ambayo ni jirani yetu, Salonga na Okapi. Zote ni misitu na wanyama. Hakuna nyumba hata moja. Mtu angesoma orodha hiyo angefikiri kwamba Kongo inakaliwa na sokwe peke yao.

Sheria ipo. Ordonnance-loi ya tarehe 15 Machi 1971 inahusu ulinzi wa mali ya utamaduni. Lakini sheria haina mikono wala miguu, na nyumba hizi zimepita katika mikono mingi. Baada ya uhuru wa 30 Juni 1960 wenye nyumba wengi waliondoka. Mwaka 1967, kuanzia Agosti mpaka mwanzo wa Novemba, mamluki wa Jean Schramme waliushika mji, na vita vya kuwaondoa viliacha Bukavu imeharibika vibaya. Mwaka 1973 sheria ya udongo ilisema kwamba udongo wote ni wa Serikali. Miezi michache baadaye, 30 Novemba, Mobutu alitangaza zaïrianisation, na mali ya wageni ikapewa wenye nchi waliochaguliwa, wengi wao bila kujua kuitunza. Ndiyo sababu leo juu ya parsele moja kunaweza kuwa na karatasi tatu na familia tatu, kila moja ikiapa.

Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa mji. Kisha vita ya Oktoba 1996, ile ya 1998, mapigano ya mwaka 2004, na tetemeko la 3 Februari 2008 lililopasua kuta nyingi. Yale ya Februari 2025 kila mmoja wetu anayajua, hatuyaandiki. Kila mara watu wa vijijini walikimbilia mjini, na mtu aliyekimbia anataka mahali pa kulala, hawezi kuulizwa habari ya Art Déco. Bustani zilizoshuka mpaka ziwani zilikatwa vipande, vipande vikakatwa tena. Mteremko ukikosa miti, udongo unashuka pamoja na mvua. Tuliona nyumba moja ambayo barza yake imebaki na nguzo mbili, na mbele yake umepanda ukuta wa jirani, karibu kugusa. Mwanamke anayekaa pale na watoto wake sita alituambia kwamba hana habari na meli, ana habari na ndoo anazoziweka chini ya paa. Tuliandika hilo pia.

Tukirudi Bagira kwa mlima ule unaovunja magoti, mmoja wetu aliuliza swali lililotunyamazisha: na nyumba zetu?

Nyumba za Bagira nazo zina umri. Kartye za kwanza zilijengwa katika miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, tunayoiita OCA, iliyoundwa mwaka 1952 wakati wa mpango wa miaka kumi. OCA ilijenga pia Léopoldville, Elisabethville, Stanleyville na Usumbura, miji ambayo leo ni Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani na Bujumbura. Familia ililipa kidogo-kidogo, kwa miaka mingi, mpaka nyumba ikawa yao. Wabelgiji walikuwa na shabaha yao: mfanyakazi mwenye nyumba, mke na bustani hatafanya fujo. Lakini babu zetu walilipa, na risiti zingine bado zimo ndani ya masanduku chini ya vitanda.

Tulizizunguka kwa macho yaleyale ya La Botte. Hakuna kona ya mviringo, hakuna dirisha la baharia. Kuna safu zilizopangwa vizuri, kijibaraza kidogo mbele, ua nyuma, na njia ya maji iliyochimbwa kufuata mteremko. Na, kwa maoni yetu, njia zile za maji zilifikiriwa vizuri kuliko mapaa ya matajiri. Zingekuwa zinafanya kazi mpaka leo kama watu wasingejenga juu yake. Nyumba nyingi zimeongezwa chumba mbele, duka pembeni, etaji juu, na ile ya OCA imemezwa ndani kama mbegu ya avoka. Ukibisha hodi na kuomba kuona ukuta wa zamani, wazee wanafurahi kuliko unavyofikiri.

Kwa hiyo kazi ya darasa la nne na la tano ni hii. Mwende watu wanne wanne, si kundi kubwa, maana kundi kubwa linaogopesha. Salimieni zamu kwanza, mumwambie shule yenu na shabaha yenu. Akikataa, semeni asante mwende. Msipige picha, hasa karibu na nyumba za wakubwa au za wenye silaha. Choreni kwa kalamu, mkono unaona kuliko telefoni. Kwa kila nyumba andikeni: kona, dirisha, paa, barza, bomba la moshi, boyerie ipo au haipo na ni hatua ngapi kutoka mlango wa nyuma. Msiandike jina la mwenye nyumba wala habari ya karatasi zake. Maneno ya parsele ni moto, na somo letu si tribinali.

Katika Bagira kila mmoja aanze na nyumba ya kwao. Aulize mzee wa nyumbani: nani aliingia wa kwanza, alifanya kazi gani, alilipa kwa miaka mingapi, ukuta upi ni wa OCA na upi umeongezwa. Mzee akisema kwa Mashi, andikeni kwa Mashi, tutatafsiri pamoja. Wale mafundi waliopinda matofali wamebaki wachache sana, na watoto wao nao wamezeeka, kwa hiyo msingoje likizo kubwa.

Michoro ipelekwe kwa mkubwa wa darasa mbele ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Karatasi iwe ya mistari, penseli ikolee, kwa sababu stensili haishiki mstari mwembamba. Jumamosi itakayofuata, saa mbili asubuhi, tutakutana penye mlango wa shule kwa matembezi ya pili, upande wa Muhumba. Kila mtu aje na maji yake.

Kwa niaba ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho,
Mkubwa wa wanafunzi